Aliyesimamisha Kreni

Nikutegee? Haya, vuta kigoda. Nina mlango hauna ubao wala bawaba, na hakuna anayeupigia hodi. Lakini siku ukifungwa, hata mtu aliye kule milimani, asiyeijua bahari kwa rangi wala kwa harufu, anapika bila chumvi na kulala bila taa. Mlango gani huo?

Usiseme dirisha, dirisha halina makuu hayo. Usiseme mdomo, ingawa hapo umekaribia. Na ukishindwa sikudai mji, maana ukinipa sina pa kuuweka. Mlango huo ni bandari.

Wala usione haya kushindwa. Bi Mkwezi mwenyewe, ambaye kisa hiki ni chake, alizaliwa, akaolewa, akazaa na akazika mume bila kukijua kitendawili hicho. Alikijua asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo hiyo nusura aufunge mlango wenyewe kwa mikono yake miwili.

Jina la Bi Mkwezi alipewa na majirani, kwa sababu pamoja na mvi zake zote alikuwa hapandishi mtu kwenye miparachichi yake. Alipanda mwenyewe. Ukimwambia, "Mama, utaanguka," anakujibu kutoka huko juu, "Nikianguka nitaangukia shamba langu. Wewe unaogopa nini?"

Mlima wao ulikuwa na miparachichi mingi kuliko watu. Shida ilikuwa kwamba matunda yakiiva yanaiva yote, kama watoto wanaoamka pamoja na kulia pamoja. Wachuuzi walikuja na malori yao, wakataja bei huku wanatazama pembeni, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Yaliyobaki yaliliwa na ndege, na ndege wa mlima ule walinenepa mpaka wengine wakawa wanatembea kwa miguu.

Basi mwaka huo wakulima walichoka kulisha ndege. Waliungana, wakatafuta mnunuzi ng'ambo, wakakubaliana naye: kontena moja la baridi, kwa meli, la majaribio. Likifika zima, atachukua jingine na jingine, kila msimu, na mlima mzima utakuwa na kazi. Likichelewa, basi tena. Parachichi si jiwe. Linakungoja kwa siku zake, na siku zake zikiisha linageuka uji, hata ulibembeleze vipi.

Walioteuliwa kulisindikiza kontena mpaka bandarini walikuwa wawili: Bi Mkwezi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia abaki, na mwenyekiti wa umoja wao, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Huyo shemeji yake alivaa suti na tai kwa safari ya kwenye lori. Alikaa katikati ya dereva na Bi Mkwezi, amebana magoti asiikunje suruali, na kila lori lilipoyumba alishika tai badala ya kushika kiti.

"Shemeji," Bi Mkwezi alimwambia, "ukiendelea kuilea hiyo tai hivyo, itakuita baba."

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Walipoanza kuiona minara ya mjini, mwenyekiti alisafisha koo. "Shemeji, umemwambia mtoto kama tunakuja?"

Bi Mkwezi alitazama nje. "Kwani tumekuja kwa mtoto? Tumekuja kwa maparachichi."

Mwenyekiti alirudi kwenye tai yake, maana alijua amegusa kidonda. Bi Mkwezi ana binti mmoja tu. Mwaka aliomaliza shule, binti alimwambia mama yake kwamba anakwenda bandarini kujifunza kuendesha kreni. Mama akang'aka. "Nina shamba lote hili, nani atalirithi, kunguru? Bandari haioti hata kunde! Nenda, nenda kabebe masanduku ya watu. Lakini siku utakayoniona nimekuja kukutazama, uniite mpumbavu." Binti alikwenda. Tangu hapo walikuwa wakipigiana simu kila wiki, wakiulizana afya, mvua na kuku. Mama hakuuliza kazi, na mtoto hakuitaja. Majirani wakiuliza, Bi Mkwezi alisema, "Yuko mjini, mzima," halafu akapanda mti.

 

Langoni mwa bandari walipokewa na msimamizi wa gati, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni. Wenzake walimwita Filimbi, ingawa filimbi yenyewe hakuipuliza. Sauti yake ilitosha. Aliwavika vizibao vya kung'aa na kofia ngumu. Kofia ya mwenyekiti ilikuwa kubwa, ikamfunika mpaka kwenye nyusi.

"Karibuni sana, mama, karibu mzee. Sikilizeni sheria, halafu twende mbio, maana maji hayatungoji," alisema Filimbi. "Meli yenu ni kubwa. Inapita mkondoni maji yakiwa yamejaa tu. Yakianza kutoka, nayo lazima iondoke, tumemaliza hatujamaliza. Kwa hiyo: tembea ndani ya mstari wa njano. Usisimame chini ya mzigo. Na ukiona hatari yoyote, hata kama wewe ni mgeni, nyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa uipunge hivi. Kreni itasimama papo hapo."

"Na picha tutapigia wapi?" aliuliza mwenyekiti.

Bi Mkwezi alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. La pili, pamoja na macho yote, lilikuwa limeshakimbilia ndani.

Mungu wangu! Alidhani bandari ni meli moja na watu wachache wanabeba magunia. Alichokiona kilikuwa mji ndani ya mji, na mji huo ulikuwa na haraka. Malori yalipangwa foleni kama siafu. Makontena yalipandana, mekundu juu ya bluu, bluu juu ya kijani. Mafundi walichomelea vyuma, cheche zikiruka. Wanawake wa vibandani walimimina chai kwa mkono mmoja na kupokea vikombe vitupu kwa mkono wa pili. Fundi cherehani alikaa mlangoni mwa ghala akishona vizibao, vile vile alivyovaa yeye Bi Mkwezi, na hakunyanyua kichwa hata lori lilipopiga honi ubavuni mwake.

"Huyu naye ni wa bandari?" aliuliza.

"Mama, huku kila mtu ni wa bandari," Filimbi alijibu akikaza mwendo. "Yule wa chai anasomesha watoto kwa hawa wapakiaji. Mpakiaji anamlipa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ananunua mabati. Mabati yale pale, yameshuka jana."

Bi Mkwezi aliyatazama mabati. Yalikuwa ndugu mmoja na bati la nyumba yake. Akatazama upande wa pili: magunia ya mbolea, yenye alama ile ile ya gunia lililo ghalani kwake. Mbele kidogo, mapipa ya mafuta ya taa. Maboksi ya nyembe. Mashine ya kusaga, mpya, imefungwa kwa mbao. Alishika miwani yake usoni. Na hii? Nayo itakuwa ilipita hapa hapa. Na sindano iliyoshona nguo aliyovaa? Na simu anayoongelea na mwanawe habari za kuku?

"Kumbe," alisema taratibu.

"Kumbe nini, shemeji?"

"Hakuna. Tembea, tai yako inapeperuka."

Lakini alikuwa amelichuma lile "kumbe" na kulitia kikapuni. Miaka yote alisema bandari haioti kitu, na miaka yote alikuwa akilala chini ya bati la bandari, akilimia jembe la bandari, akimeza dawa za bandari.

Walipofika gatini, meli ilikuwa imesimama kama ukuta usio na mwisho. Juu yake zilinyoosha shingo kreni, kila moja ndefu kuliko mti wowote aliowahi kuukwea, na Bi Mkwezi, ambaye hakuwahi kuogopa urefu, alihisi nyayo zinamwasha. Alitaka kupanda! Hapo hapo, na kofia yake ngumu.

Chini ya kreni ya mwisho lilikuwa limeegeshwa lori lao. Kontena lao, jeupe, lilinguruma kwa mashine yake ya baridi. Wapakiaji walichomoa waya, wakaachia makufuli ya kwenye tela, wakarudi nyuma. Mmoja akatazama maji kwenye ukingo wa gati, pale palipochorwa alama, akamwonyesha Filimbi kidole gumba kimelala, si juu si chini. Yaani muda upo, lakini si wa kuchezea.

Filimbi akaweka redio mdomoni. "Tai, Tai. Sanduku la mlimani limefika. La mwisho hilo, tukilipandisha meli inaondoka. Uko tayari?"

Bi Mkwezi alimnong'oneza shemeji yake, "Huyo Tai ndiye mwenye kreni? Natumaini amekunywa chai. Mtu mwenye njaa asishike maparachichi yangu."

Mwenyekiti alikohoa tu, na ghafla akaona kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

Fremu ya chuma ilishuka kutoka mbinguni, ikakaa juu ya kontena, ikang'ata pembe zake kwa mlio mmoja: kah! Kamba za chuma zikakazika. Na mlima wao, jasho lao la mwaka mzima, ukaachana na ardhi.

Ukawa hewani.

"Linapanda, linapanda!" alipiga kelele mwenyekiti, kofia imemziba macho, haoni kitu.

Redio ikakoroma. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, yenye kicheko kidogo ndani yake. "Filimbi, hili ni la kwetu. Nalipandisha kama yai."

Bi Mkwezi aliijua sauti ile kabla neno halijaisha. Angeijua hata ndani ya mvua ya mawe. Alirusha kichwa nyuma. Juu kabisa, chini ya mkono wa kreni, palining'inia kibanda chenye sakafu ya kioo, na kwenye kioo kile mtu aliinama mbele kutazama chini katikati ya magoti yake, mikono imetulia kwenye vishikio. Mwanawe. Mwanawe aliyemzaa kwa uchungu wa siku nzima, amekaa hewani kama nyota, na kontena zima la maparachichi linamfuata kama mbuzi anayefuata majani.

Sasa, huko kwao milimani mashamba yanatazamana kwa mbali, bonde liko katikati, na sauti haifiki. Ukimwona ndugu yako ng'ambo ya bonde, furaha ikakujaa, unamsalimu vipi? Unanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuipunga kwa nguvu zako zote.

Ndivyo alivyofanya Bi Mkwezi. Akili ilikuwa bado inavaa viatu, mwili umeshafika. Alinyanyua mikono miwili, akaipunga, akaruka na kuruka, kizibao kikimwaka juani.

Kontena likasimama. Pale pale, kati ya gati na meli, juu ya maji.

Kengele ililia. Wapakiaji wote wakaganda. Mabaharia wakachungulia ukingoni mwa meli. Hata wa chai aliacha kumimina.

"Nani?" alisema Filimbi kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ilitisha kuliko kubwa. "Nani amesimamisha?"

Bi Mkwezi alishusha mikono polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya watu kabatini.

Redio ikakoroma tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kreni imesimama. Mzigo umetulia. Aliyesimamisha, umeona nini?"



"Mama," alisema Filimbi, "mjibu. Umeona nini?"

Bi Mkwezi aliificha mikono yake chini ya kizibao.

"Jamani, alikuwa anasalimia!" mwenyekiti aliruka katikati. "Mwambie basi, Filimbi, mwambie aendelee!"

"Siruhusiwi, mzee. Wala mkubwa wangu haruhusiwi. Kreni ikisimamishwa kwa mikono miwili, haisogei mpaka aliyesimamisha amwambie mwendeshaji kwa kinywa chake mwenyewe alichokiona. Zamani tuliwahi kusema 'ah, labda alikuwa anatania,' tukamzika mwenzetu. Tangu siku hiyo hatusemi labda." Alimkabidhi Bi Mkwezi redio. "Bonyeza hapa, mama, useme. Ukweli wowote ule. Hata kama umeona nzi."

Yule mpakiaji wa ukingoni alipiga kelele. "Maji yameanza kutoka!"

"Sema umeona kamba imechanika!" alinong'ona dereva, ambaye alikuwa ameshuka mbio kwenye lori.

"Thubutu!" Filimbi alimgeukia. "Akisema kamba, tunashusha mzigo, tunakagua kamba yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Meli itakuwa imeshafika kwao."

"Basi aseme ndege," alishauri mwenyekiti. "Ndege mkubwa! Ndege si uongo, kwetu wamejaa."

"Shemeji, nyamaza," alisema Bi Mkwezi. Hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka.

Redio mkononi mwake ilikuwa nzito kuliko debe la maji. Hakuogopa kuonekana mpumbavu mbele ya watu. Hilo lilikuwa limeshapita, maji yakimwagika hayazoleki. Aliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba redio ile inasikika gati zima, na alichotaka kusema ni kitu alichokimeza kwa miaka, hakikuwa na njia ya kutoka isipokuwa na machozi. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Mtoto yuko huko juu, amening'iniza mzigo kwenye nyuzi. Akiisikia ghafla sauti ya mama yake, mama aliyeapa kwamba hatakuja, je, mkono hautatetemeka?

"Narudia," ilisema sauti ya juu, bila haraka, bila hasira. "Aliyesimamisha, usiogope. Hakuna atakayekugombeza. Umeona nini?"

Usiogope! Yeye ndiye anaambiwa usiogope, tena na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutembea.

Meli ilipiga honi. Ilikuwa honi nene iliyopita kifuani mwa kila mtu kama gari. Kule juu kwenye meli, mtu mmoja alikuwa tayari anaashiria kamba zifunguliwe. Filimbi alishika filimbi yake kwa mara ya kwanza, akaizungusha vidoleni, akaiacha.

Mwenyekiti alivua kofia. Uso wake haukuwa na mzaha tena. "Shemeji, nisikilize. Hili wazo la kupeleka matunda kwa meli, ulidhani nililiota mimi? Mimi nitayajulia wapi makontena ya baridi? Ni yeye. Alinipigia simu tangu msimu uliopita. Alisema, 'Baba mdogo, kila siku napakia matunda ya milima ya watu wengine. Ya kwetu yako wapi?' Akanitafutia wa kuuliza, akanieleza hatua kwa hatua. Akasema, 'Usimwambie mama, atakataa akijua limetoka kwangu.' Nami nikanyamaza, kwa sababu kweli ungekataa."

Bi Mkwezi alimtazama. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na mikono yake siku hiyo ilikuwa imeshafanya ya kutosha. Kwa hiyo alicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, kikubwa, kilichochanganyika na maji ya macho, na wapakiaji wawili wakaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini.

"Kwa hiyo nyinyi wawili mmekula njama," alisema, "mkanipandisha lori kunileta mpaka hapa kama kifaranga!"

"Kukuleta hapana, ulikuja mwenyewe. Nani angekuzuia?"

"Maji, mama!" alisihi Filimbi. "Maji!"

Bi Mkwezi alitazama juu. Jua lilikuwa limepiga kile kioo, lakini aliweza kuona kivuli cha mtu aliyeinama, na chini yake kontena jeupe, limetulia hewani. Upepo wa bahari ulikuwa unavuma, bendera zinapiga makofi, tai ya mwenyekiti inapepea, lakini lile sanduku halikuyumba hata kidogo. 

Akapiga moyo konde. Akabonyeza kile kitufe, akaweka redio karibu na mdomo kama alivyomwona Filimbi akifanya, na gati zima likasikia pumzi yake kwanza.

"Nimemwona mwanangu," alisema Bi Mkwezi. "Ameubeba mlima wetu wote, na mkono wake hautetemeki. Haya, mama, pakia."